Breki Zilikuwa Nzima: Maisha ya Mzee Haipiti

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mliopo hapa mlimwita Mzee Haipiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Bibi alikuwa akisimulia kwamba siku ile nyundo za karakana zililia asubuhi nzima, na kwamba mtoto alizaliwa kimya, akasubiri mafundi waende kula ndipo akalia. Hatujui kama ni kweli. Bibi alipenda kutia chumvi.

Mimi ninayesoma ni mtoto wake wa pili. Naomba mjue mapema kwamba wasifu huu umeleta maneno ndani ya familia. Baba mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliusoma juzi akaniambia, "Mwanangu, aya hizi za katikati zitoe. Msibani tunamsindikiza mtu, hatumuumbui." Namheshimu sana baba mdogo. Lakini marehemu mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, alinishika mkono wodini akasema, "Mkiniandikia, msinisafishe." Kwa hiyo sikuzitoa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza 1966. Akiwa darasa la sita alimwambia mwalimu mkuu, mbele ya gwaride, kwamba nati ya gurudumu la mbele la pikipiki yake imelegea. Alichapwa viboko viwili kwa utovu wa adabu. Ijumaa ile ile pikipiki ilimtupa mwalimu mkuu mtaroni. Jumatatu mwalimu akamwita ofisini, mkono umefungwa bendeji, na wala hakumwomba radhi. Alimwambia tu, "Njoo uikaze hiyo nati." Mwaka 1967 alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu 1970 kwa cheti cha ufundi wa magari.

Baada ya miaka mitatu katika gereji ya mabasi, aliajiriwa tarehe 3 Mei 1974 kuwa mkaguzi katika kituo cha ukaguzi wa magari. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye shimo, gari likiwa juu ya kichwa chake, na kupima breki, usukani, matairi na taa. Mwisho wa fomu kulikuwa na mstari mmoja ambapo mkaguzi aliandika imepita au haipiti, kisha akasaini. Jina lake la utani lilitoka hapo. Alimkatalia mkuu wa kituo gari lake mwenyewe. Mara moja alikataa gari la kubebea maiti, ndugu wa marehemu wakiwa wameshapanda. Walipomlilia kwamba wanachelewa makaburini, akawaambia, "Aliyelala huko nyuma hana haraka. Nyie mliokaa ndio mna haraka, na breki hamna." Walisubiri saa mbili, breki zikafungwa upya, na dereva wao alirudi wiki iliyofuata kumshukuru.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Asubuhi ile gari la kumbeba bibi harusi lilipofika, bwana harusi alilizunguka akiwa na suti yake, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Lilikuwa limekwisha kabisa, upara mtupu. Mama alikwenda kwenye harusi yake kwa miguu, viatu mkononi, shangazi zake wakiwa wamemshikia gauni pande zote mbili lisiguse vumbi. Hadi leo anasema, "Nilijua naolewa na nani kabla hata sijafika." Walijaliwa watoto watatu: kaka yetu mkubwa mwaka 1979, mimi mwaka 1986, na mdogo wetu wa mwisho mwaka 1990.

Sasa nafika kwenye aya za baba mdogo.

Mwanzoni mwa Septemba 1986, wanawake wa kitengo cha kushona mifuko katika kiwanda cha saruji waligoma. Walitaka barakoa za kuzuia vumbi, na walitaka wenzao watatu waliofukuzwa kwa kuwa wajawazito warudishwe kazini. Hawakuvunja kitu. Walikaa chini mbele ya lango, safu nne, magari ya saruji yasitoke. Siku ya nne, Jumanne tarehe 9, saa tatu asubuhi, lori lililopakia mifuko lilitoka ndani ya kiwanda likapita juu ya safu ya kwanza na ya pili. Wanawake kumi na mmoja waliumia. Watatu walifariki: msimamizi wa zamu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na wiki sita tu kazini, na mama kijana aliyeacha nyumbani mtoto wa kike wa miezi mitano.

Kesho yake lori lilivutwa hadi kituoni, na kazi akapewa baba. Hakuwa na ndugu wala rafiki katika kiwanda kile. Alishuka shimoni na taa yake. Pedi za breki zilikuwa nene, mtungi wa upepo wa breki hauvuji, breki ya mkono inashika. Akapanda, akalitembeza uani likiwa na mzigo wake wote, akafika mwendo wa kilomita thelathini, akakanyaga. Lilisimama ndani ya hatua tisa. Akarudia mara tatu, akipiga alama za chaki. Kutoka lango la kiwanda hadi walipokaa wale wanawake ni hatua arobaini na mbili. Alikwenda kuzihesabu mwenyewe, na barabarani hakukuta hata alama moja ya tairi lililoburuzika.

Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, mikono katikati ya magoti. Baba alipompita, alisema bila kuinua kichwa, "Mzee, usijisumbue. Breki sikuzigusa. Meneja alikuwa kando yangu. Nikamwambia, bosi, wamekaa chini hawa. Akasema pita, watakimbia."

Baba aliandika: Breki, imepita. Akasaini.

Mkuu wa kituo alimwita mchana. Fomu ilikuwa mezani, na pembeni yake kulikuwa na fomu nyingine, tupu. Mazungumzo yale baba aliyarudia mbele yetu mara nyingi mno, tunayajua kwa moyo.

"Wewe si ndiye Haipiti?" mkuu alisema. "Miaka kumi na miwili unakataa magari ya watu. Leo nakuomba ukatae moja tu, nawe unagoma?"

"Breki ni nzima, mkuu."

"Nani kakuuliza habari za breki? Nimekuuliza nyumba unayokaa ni ya nani."

Nyumba ilikuwa ya serikali. Barua ya kuhama ililetwa siku ya tatu. Mama alikuwa na ujauzito wa miezi minane, miguu imevimba asiweze kuvaa viatu. Baba alikaa siku tisa akiingia kazini na kutoka bila kugusa ile fomu tupu. Usiku hakuwa analala, na mchana hakuwa anakula. Mama anasema, "Sikumwambia asaini. Lakini sikumwambia asisaini pia. Aliniuliza tukitoka hapa tutakwenda wapi, nikaangalia ukutani."

Ijumaa tarehe 19 Septemba 1986, baba yetu aliijaza fomu ya pili kwa mkono wake, pamoja na maelezo ya jinsi breki zilivyokataa. Breki, haipiti. Akasaini. Ile ya kwanza mkuu aliichana mbele yake. Kesi ikafungwa kama ajali. Dereva akapewa lori jingine. Meneja akahamishiwa makao makuu.

Mimi nilizaliwa tarehe 21 Oktoba, katika nyumba ile ile, chini ya paa lile lile. Nilikuja kuambiwa haya nikiwa na miaka kumi na miwili, na nilikasirika kiasi kwamba sikuongea na wazazi wangu wiki mbili. Hakuna aliyeniuliza mimi kama nataka paa kwa thamani hiyo. Bado nina hasira, na leo sijui nimpelekee nani.

Januari 1987 marehemu alipandishwa cheo kuwa mkaguzi mwandamizi na kupewa cheti cha utumishi mwema ndani ya fremu. Mama alikitundika sebuleni. Baba akakitoa, akaweka humo picha yangu ya miezi mitatu. Kwa miaka saba hakusema neno. Mtu akimwita Haipiti mtaani aliitika, akacheka hata, lakini sisi nyumbani tulijua kutolitumia jina hilo.

Kilichomwamsha ni mwaka 1994. Wauguzi waliokuwa wakiandamana kudai glavu waligongwa na pikapu ya utawala wa hospitali. Wawili walifariki. Mkaguzi aliyepewa kazi ile alikuwa mwanafunzi wa baba, mtu mzima mwenye familia, naye alikuja ofisini kwake akiwa na faili, tena kwa furaha. "Mzee, nimekwama kuandika, nikatafuta kwenye makabati. Nimekuta ripoti yako ya lori la saruji. Nimechukua maneno yako kama yalivyo. Yamekaa vizuri."

Uongo wa baba ulikuwa umeanza kufundishwa.

Kuanzia hapo alinunua daftari la kurasa mia mbili na kuanza kuuliza. Aliwatafuta wakaguzi wastaafu majumbani mwao. Alisoma magazeti ya zamani maktaba kila Jumamosi. Alikuta kwamba hata kabla hajazaliwa, injini ya treni iliwahi kuendeshwa kuwaelekea wafanyakazi wa reli waliolala kwenye njia wakati wa mgomo, na baba yake mwenyewe, yule fundi wa mabehewa, alikuwa mmoja wa waliobingirika pembeni. Hakuwahi kumsimulia mwanawe. Mwaka 1958 trekta la shamba lilipandishwa kwenye kundi la wachumaji. Ikaandikwa usukani ulikwama. Mwaka 1971 lori la maziwa na wapagazi. Ikaandikwa dereva alipofushwa na jua, ingawa asubuhi ile ilikuwa ya mvua. Mwaka 1979 basi na wanafunzi. Ikaandikwa walijitupa wenyewe. Zipo nyingine ambapo hata hawakujali kutafuta sababu, wakaandika tu gari lilipoteza mwelekeo. Alijaza madaftari manne. Alikuwa akitusomea baada ya chakula, sisi tukitaka kwenda kucheza, naye anagonga kurasa kwa kidole: "Gari halina hasira. Kila mahali gari ndilo linashtakiwa, na mtu aliyelikalia anakwenda kunywa chai!"

Tarehe 2 Novemba 1994 aliandika barua ya kwanza kuomba ripoti yake ya 1986 irekebishwe. Aliieleza kweli yote, pamoja na hatua tisa na hatua arobaini na mbili. Hakujibiwa. Aliandika ya pili, wakamhamishia kituo cha mbali kusajili matela ya mikokoteni, kazi ambayo hata mtu asiyejua spana angeifanya. Kaka mkubwa alibadilishiwa shule mara tatu kwa sababu hiyo, na ninasema wazi kwamba kulikuwa na siku tulimchukia. Mama alikuwa akimwambia, "Baba watoto, si tulishasaini tukanyamaza? Sasa unasaini tena utoke?" Naye anajibu, "Ndiyo. Nataka kutoka."

Mwaka 1996 alikwenda kwenye nyumba za wale wanawake watatu. Kwa msimamizi wa zamu, mwanawe wa kwanza alisikiliza sentensi mbili akafunga mlango. Mama wa yule binti wa miaka kumi na tisa alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Haya. Sasa mimi nifanye nini na maneno yako?" Nyumba ya tatu hakukuta mtu. Mtoto alikuwa amechukuliwa na shangazi yake mji mwingine.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2006 bila hafla. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kazi ya kupiga chapa mahakamani, kwa hiyo barua zikawa zangu. Nilipiga barua sita. Ile ya mwaka 2015 niligoma. Nilimwambia, "Baba, imetosha, unajiua na unatuua." Hakubishana. Aliipiga mwenyewe kwa kidole kimoja, siku nne, ikarudishwa kwa sababu hakuweka namba ya jalada. Sijawahi kujisamehe ile namba ya jalada.

Wakati fulani aliamua kujishtaki. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kituo cha polisi, akamwambia ofisa wa kaunta kwamba amekuja kukiri kosa la kughushi hati ya serikali.

"Lini, mzee?"

"Elfu moja mia tisa themanini na sita."

Ofisa alimtazama, akaangalia saa. "Mzee wangu, mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa. Umekunywa chai leo?"

Aliambiwa kosa limepitwa na muda. Akauliza, kama kosa langu limepitwa na muda, mbona ripoti yangu haijapitwa? Jibu la maandishi lilikuja mara moja tu, tarehe 8 Aprili 2019, kwa barua ya kumi na moja. Ninalinukuu: "Sahihi iliyopo kwenye ripoti ni yako mwenyewe. Iwapo ulisema uongo wakati ule, ofisi hii haina namna ya kujua kwamba husemi uongo sasa." Baba alilisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Hapo wamenipata." Nilitaka alie au atukane. Aliikunja tu barua, akaenda kumwagilia miche yake.

Kikohozi kilianza 2017. Mwaka 2021 daktari wa kifua alimweleza kwamba mapafu yamekakamaa kwa vumbi la pedi za breki alilolivuta shimoni miaka yote ile. Alilazwa mara tano. Hakuwa mgonjwa mpole. Aliwaambia wauguzi kwamba magurudumu ya kitanda chake hayajafungwa sawa, na kusema kweli hayakuwa yamefungwa.

Mwezi Mei mwaka huu alitembelewa wodini na mwanamke mmoja mshonaji. Ni yule mtoto wa miezi mitano. Alikuwa amemtafuta baba mara ya kwanza mwaka 2011, na tangu hapo wakawa wanapigiana simu, wakati mwingine kugombana. Ana umri wangu. Tumepishana miezi sita. Aliketi upande wa miguu. Baba alijaribu kumwomba msamaha tena, pumzi zikimkatika katikati ya kila neno. Akamzuia kwa mkono.

"Baba, samahani yako nimeshaisikia, na nimeipokea tangu siku nyingi," alisema. "Mimi nataka karatasi. Cheti cha mama yangu kimeandikwa ajali ya barabarani. Nataka karatasi inayosema lile lori lilikuwa na breki."

"Nimewaandikia mara kumi na moja, mwanangu."

"Najua. Sikulaumu wewe leo. Nasema tu ninachotaka."

Alipotoka nilimsindikiza hadi ngazini. Hatukujua tuagane vipi. Mwishowe alinirekebishia kola ya koti langu, iliyokuwa imejikunja, akashuka.

Baba yetu alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, wodi ya wanaume, akiwa na miaka sabini na mitatu. Mama alikuwa amemshika mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Ofisi yake ya zamani imeleta shada la maua na kadi inayomsifu kwa utii wake kazini. Tunaishukuru kwa maua.

Marehemu ameacha mjane. Watoto watatu, yaani kaka yetu ambaye ni dereva wa kreni, mimi mpiga chapa, na mdogo wetu muuguzi. Wakwe wawili, wajukuu saba, mdogo wake mmoja wa kiume ambaye ni baba mdogo wetu, na dada wawili. Ameacha pia watu ambao hawamo kwenye orodha ya kamati: familia tatu za wanawake wa kushona mifuko. Wamekuja leo. Wamepangiwa viti vya nyuma, karibu na magari. Naomba wahudumu wawasogeze mbele, hapa kando ya mama, kabla jeneza halijashushwa. Sitaendelea kusoma hadi wakae.

Ahsanteni.

Wasifu huu niliupeleka mwenyewe kwenye duka la uchapaji jana, ukachapwa nakala mia tatu pamoja na ratiba. Hauna muhuri, hauna namba ya jalada, na umesainiwa na mtoto, si mkaguzi. Dada yangu mshonaji, najua hii siyo karatasi uliyoiomba, nasi wawili tutakwenda ofisi ile Jumatatu kuidai yenyewe. Lakini chukua hii kwanza. Ukurasa wa pili, mstari wa nne, imechapwa kwa herufi nzito: breki zilikuwa nzima.

Mwenyezi Mungu ampokee baba yetu kama alivyo, bila kumsafisha, na ampe usingizi ambao hakuupata.